Nani Anampa Mthamini Kazi ya Kesho?

Mhadhara kwa wathamini, maofisa mikopo na wanafunzi wa taaluma za ardhi

Nimeombwa nizungumzie maadili ya kazi yetu. Mada hiyo ni pana mno, na mtu akiachiwa ataihubiri mpaka usiku wa manane. Nitaifunga kwenye kona moja tu. Nitazungumzia kanuni za mwenendo zinazoziongoza kampuni zinazokaa katikati ya benki na mthamini nchini Marekani. Kule zinaitwa kampuni za usimamizi wa uthamini. Kwetu hazijashamiri, na pengine hazitashamiri. Ila Wamarekani wamelipa fedha nyingi kujifunza jinsi mthamini anavyoshinikizwa bila mtu yeyote kumtolea kauli ya shinikizo, nasi tunaweza kuisoma ankara yao bila kuilipa.

Kwanza kazi yenyewe ilivyo. Mtu wa Ohio anaomba mkopo wa kununua nyumba. Benki haimpigii mthamini simu. Inatuma oda kwa kampuni ya kati, nayo ina orodha ya wathamini wenye leseni katika eneo lile. Kampuni inamchagua mmoja, inamtumia anwani ya nyumba, siku ya mwisho ya kuwasilisha ripoti, na ada atakayolipwa. Akikubali, anakwenda. Anapima kuta kwa kipimo cha leza, anapiga picha za mbele, za nyuma na za mtaa, anachora mpangilio wa vyumba. Kisha anatafuta nyumba zisizopungua tatu zinazofanana na ile, ambazo mauzo yake yamekwisha kukamilika, na kuanza kusawazisha tofauti: hii ina bafu la pili, ile ina gereji, nyingine imejengwa miaka ishirini nyuma. Mwishoni anajaza fomu ambayo kila mthamini wa kule anaijua kwa namba yake, 1004, kwa sababu ndiyo inayotambuliwa na Fannie Mae, mojawapo ya mashirika mawili makubwa yanayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki. Ripoti inarudi kwa kampuni, inakaguliwa, inapelekwa benki. Mkopaji ndiye aliyelipa gharama. Kampuni inakata chake, mthamini anapata kilichobaki.

Katika mzunguko huo wote mthamini hajazungumza na ofisa mikopo hata mara moja, na ndivyo ilivyokusudiwa. Kampuni ya kati ni ukuta.

Ukuta huo ulijengwa kwa sababu zamani simu ilikuwa ikilia. Dalali wa mikopo alimpigia mthamini kabla hata ya kutoa oda: "Bwana, nina nyumba mtaa fulani, mteja anahitaji ifike laki tatu na elfu kumi. Hebu niangalizie mauzo ya hapo karibu, kama inafika nikutumie kazi." Tazameni ombi hilo lilivyo la upole. Hakuna aliyetukanwa, hakuna aliyepewa bahasha. Mthamini akijibu kwamba haifiki, dalali anashukuru na kukata simu, kisha anampigia wa pili. Wa tatu au wa nne ataona inafika. Yule wa kwanza hajui kamwe kazi ilikwenda kwa nani, ila mwisho wa mwezi anaona daftari lake jeupe.

Wamarekani walikuwa wamekwisha kushughulikia uthamini mbovu mara moja. Miaka ya 1980 vyama vya akiba na mikopo ya nyumba vilianguka kwa mamia, na mojawapo ya mambo yaliyobainika ni kwamba mikopo mingi ilisimama juu ya thamani za kubuni. Mwaka 1987 vyama vya wathamini viliunda taasisi ya kutunga viwango vya taaluma, ambavyo mpaka leo vinajulikana kwa herufi USPAP. Mwaka 1989 Bunge lao likapitisha sheria iliyotaka uthamini wa mikopo inayohusiana na serikali kuu ufanywe na watu wenye leseni ya jimbo. Ilikuwa hatua ya maana. Ila iangalieni vizuri: ilimfunga anayefanya kazi, ikamwacha huru anayeigawa. Mthamini alipewa leseni, mtihani, bodi na adhabu. Dalali aliyempigia simu hakupewa chochote kati ya hivyo.

Matokeo yakaonekana. Tume iliyochunguza mgogoro wa fedha wa 2008, ambayo ripoti yake ilitoka Januari 2011, ilitaja utafiti wa maoni wa 2003 ambapo asilimia 55 ya wathamini walisema wamewahi kusukumwa wapandishe thamani. Kufikia 2006 waliosema hivyo walikuwa asilimia 90. Tume hiyohiyo ilieleza juu ya waraka wa malalamiko uliotiwa saini na wathamini wapatao 11,000 na kupelekwa Washington. Walilalamikia kushinikizwa, na walilalamikia jambo la pili ambalo ndilo kiini cha mhadhara wangu: kwamba wathamini waaminifu walikuwa wakiwekwa kwenye orodha nyeusi na kunyimwa kazi. Yaani wenye kazi walikwisha kusema tatizo liko wapi, tena kwa saini, miaka kabla ya nyumba kuanza kupigwa mnada mtaa kwa mtaa.

Sasa inakuja sehemu ambayo mtunzi wa tamthilia angeogopa kuiandika, asije akaambiwa ametia chumvi.

Mwaka 2006 benki ya Washington Mutual, mojawapo ya wakopeshaji wakubwa wa nyumba nchini mle, iliamua kutoa oda zake kupitia kampuni za kati. Mojawapo ilikuwa eAppraiseIT, kampuni tanzu ya First American. Novemba 2007 Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Andrew Cuomo, aliwashtaki First American na eAppraiseIT, akidai kwamba kampuni iliyowekwa ilinde uhuru wa wathamini ilikubali kuiachia benki iwachague wathamini wake yenyewe, wale ambao ripoti zao haziwaudhi watu wa mikopo. Hati ya mashtaka ilinukuu barua pepe za wakuu wa kampuni, nazo zilionyesha watu waliojua wanachofanya. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi eAppraiseIT ilikuwa imesimamia tathmini zaidi ya 260,000 kwa ajili ya benki hiyo moja. Mteja wa namna hiyo akikohoa, kampuni nzima inapata homa. Septemba 2008 Washington Mutual ikaanguka, ikiwa na mali ya takriban dola bilioni 307, na hakuna benki kubwa kuliko hiyo iliyowahi kuanguka Marekani. Kesi ya New York yenyewe ilimalizwa kwa maridhiano mwaka 2012, washtakiwa wakalipa dola milioni 7.8.

Kabla kesi haijafika popote, Cuomo alikuwa amewageukia Fannie Mae na Freddie Mac, wanunuzi wa mikopo hiyo, na Machi 2008 wakakubaliana juu ya kanuni mpya ya mwenendo. Ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2009. Dalali wa mikopo hakuruhusiwa tena kumchagua mthamini, wala ofisa wa benki anayelipwa kwa wingi wa mikopo aliyofanikisha. Mabenki yakajiuliza: kama watu wetu wa mikopo hawaruhusiwi kutoa oda, nani atatoa? Jibu lililokuwa jepesi kuliko yote ni kampuni za kati. Kwa hiyo kashfa iliyomhusu mtu wa kati ikazaa kanuni iliyompelekea mtu wa kati biashara ya nchi nzima. Kanuni yenyewe haikumtaja kama lazima, na benki ingeweza kuunda dawati lake la oda lililojitenga na watu wa mikopo, lakini dawati lina gharama na kampuni ilikuwa tayari mlangoni.

Ndipo ikalazimu kuuwekea ukuta wenyewe kanuni za mwenendo. Sheria ya Dodd-Frank, iliyotiwa saini Julai 2010, ilifanya hivyo kwa vifungu viwili vinavyofuatana. Kimoja kinahusu maneno na vitendo vilivyokatazwa kwa kila anayehusika na mkopo wa nyumba ya kuishi. Cha pili kinahusu kampuni za kati zenyewe: zisajiliwe, zichunguzwe, ziweze kufutwa.

Nianze na maneno. Ni marufuku kumhonga mthamini, kumtisha, kumshurutisha au kumchochea ili thamani itoke kwenye kitu chochote kisichokuwa uamuzi wake huru. Ni marufuku kuzuia ada yake ukisubiri afikishe kiasi fulani, au kumwahidi kazi zaidi akikifikisha. Anayethamini hapaswi kuwa na maslahi katika nyumba ile wala katika mkopo ule. Adhabu ni mpaka dola 10,000 kwa kila siku ya ukiukaji wa kwanza na dola 20,000 kwa siku katika ukiukaji unaofuata, viwango vinavyopandishwa kadiri gharama za maisha zinavyopanda. Na benki iliyogundua ukiukaji kabla ya mkopo kukamilika haiwezi kuendelea mpaka iwe na ushahidi wa maandishi kwamba ilifanya uchunguzi wa kutosha na kuona thamani haikupotoshwa.

Pamoja na marufuku hizo kuna ruhusa tatu. Unaruhusiwa kumwomba mthamini azingatie taarifa zaidi kuhusu nyumba ile, zikiwemo nyumba nyingine za kulinganisha. Kumwomba afafanue zaidi alivyofikia thamani. Na kumwomba asahihishe makosa. Hizi ni ruhusa za haki kabisa. Mthamini anaweza kuhesabu vyumba vibaya. Anaweza kuacha mauzo yaliyofanyika nyumba ya pili kutoka pale. Mwaka 2024 wasimamizi wa mabenki walitoa mwongozo kuhusu namna mkopaji anavyoweza kuomba thamani iangaliwe upya, hasa baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba nyumba za Wamarekani weusi zinathaminiwa chini ya thamani yake ya haki. Mtu aliyeonewa apite wapi, kama si kwenye mlango huu?

Lakini mlango huo hauulizi nani anapita. Chukueni mkaguzi wa kampuni ya kati, amepokea ripoti inayosema dola 298,000, na mkataba wa mauzo ni 310,000. Akiandika, "Tungefurahi ukifika 310,000," amevunja sheria na barua pepe ipo. Akiandika, "Tafadhali zingatia mauzo haya matatu na ueleze kwa maandishi kwa nini hukuyatumia," hajavunja lolote. Mauzo yote matatu yako juu ya 310,000. Mthamini anajibu kwa kurasa mbili. Kesho yake: "Asante. Tafadhali zingatia na haya mawili." Anajibu tena, bila malipo ya ziada. Siku ya tatu anatakiwa afafanue kiasi alichokata kwa ajili ya gereji. Mthamini mwenye miaka mitatu kazini anaelewa upesi kwamba ripoti inayofika 310,000 haiulizwi maswali. Hakuna aliyemwambia. Anajifunza mwenyewe kwa kuona jioni zake zinavyokwisha.

Na mkumbuke kwamba bei ya mkataba ameshaiona tangu mwanzo. Watunga kanuni hawakuweza kulizuia hilo, maana viwango vya taaluma vinamtaka mthamini auchambue mkataba wa mauzo, nao bei imo ndani yake. Walichoweza ni kukataza kiasi kinachotamaniwa kisiandikwe kwenye oda pale ambapo hakuna mauzo, yaani mwenye nyumba anapokopa upya kwa nyumba ileile. Zamani palikuwa na nafasi kwenye fomu ya oda, "makadirio ya mwenye nyumba", na makadirio hayo yalikuwa na desturi ya ajabu ya kulingana na mkopo uliokuwa ukiombwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, sina imani kubwa na kanuni za maneno. Ni lazima ziwepo, lakini wanaozivunja waziwazi ni wajinga, na wajinga si tatizo kubwa la sekta yoyote ya fedha. Kanuni ninazoziheshimu ni zile za kuchosha, zinazosomwa na makarani: nani anaingia kwenye orodha, anatolewaje, analipwa lini.

Tuchukue orodha. Kanuni ya serikali kuu ya 2015 ilisema kampuni yenye wathamini zaidi ya 15 katika jimbo moja, au 25 na kuendelea katika majimbo mawili au zaidi kwa mwaka, ni kampuni ya kusimamiwa. Majimbo yalipewa miezi 36 kuweka utaratibu wa usajili. Jimbo likikataa halishtakiwi. Ila kampuni zilizo chini ya usimamizi wa jimbo haziruhusiwi kuhudumia humo mikopo inayohusiana na serikali kuu, na hiyo inatosha kumwamsha mbunge yeyote wa jimbo. Mmiliki mwenye zaidi ya asilimia 10 ya kampuni lazima achunguzwe historia yake, na mtu aliyenyimwa au kunyang'anywa leseni ya uthamini kwa sababu za msingi haruhusiwi kuwa na hisa hata moja. Kampuni lazima iwe na utaratibu wa kuhakikisha mthamini inayempa kazi anayo elimu na uzoefu wa soko lile na aina ile ya nyumba. Anayeshinda mjini hawezi kuthamini ranchi ya ng'ombe kwa sababu tu yuko huru Alhamisi.

Ndani ya kanuni hiyo kuna sentensi moja ambayo ningeichonga kwenye ukuta wa kila idara ya mikopo. Inasema mthamini akishaingia kwenye orodha anahesabiwa yumo mpaka kampuni imtumie taarifa ya maandishi ya kumtoa, yenye maelezo ya sababu. Waandishi wake waliiweka ili kurahisisha kuhesabu, kampuni zisicheze na idadi zikwepe usajili. Lakini majimbo mengi yalikwenda mbali zaidi: baada ya kipindi kifupi cha mwanzo, kampuni haiwezi kumwondoa mthamini bila kumwandikia sababu na kumpa nafasi ya kujibu, na akiona ameondolewa kwa kukataa kupandisha thamani anaweza kupeleka lalamiko kwenye bodi ya jimbo. Yaani ule ukimya wa dalali aliyekata simu sasa unatakiwa uandikwe.

Unatosha? Hautoshi, na mtu wa kampuni akiwa mkweli atawaambia kwa nini. Hakuna haja ya kumtoa mtu kwenye orodha. Unamwacha humo, jina lake linabaki kwenye kompyuta, na oda zinakwenda kwa wengine. Atajibu nini, na kwa barua ipi? Kwa hiyo bodi iliyo makini haiishii kusoma barua za kuondolewa. Inatumia mamlaka yake ya kukagua vitabu na kuitaka kampuni ionyeshe oda za mwaka mzima ziligawanywaje, na kama waliopungukiwa ndio waliokuwa wakitoa thamani za chini ya mkataba. Mamlaka hayo ya ukaguzi sheria imeyapa majimbo. Kuyatumia kunahitaji wakaguzi, na wakaguzi wanahitaji mishahara.

Majimbo mengi pia yamekataza kampuni kuibadilisha ripoti ya mthamini au kutumia saini yake ya kielektroniki bila ridhaa yake, mambo ambayo msingedhani yanahitaji sheria mpaka muwe mmesikia visa vyake. Na mengine yamekataza kipengele kilichokuwa kikijificha ukurasa wa nane wa mkataba, kinachomtaka mthamini abebe gharama za kesi ya kampuni hata pale kosa linapokuwa la kampuni yenyewe. Muda wa kumlipa mthamini nao umewekwa, siku 30 kwa jimbo hili, 60 kwa lile.

Hapa tumefika kwenye fedha, na fedha ndiyo sehemu ambayo kanuni za Wamarekani zimejikwaa vibaya zaidi. Dodd-Frank ilisema mthamini alipwe ada ya kawaida na ya haki kwa soko la eneo lile. Nani hapingi dhuluma? Lakini kanuni ya utekelezaji iliipa kampuni njia mbili za kudhaniwa imetii. Ya kwanza ni kuangalia ada zilizolipwa karibuni katika eneo hilo na kurekebisha kwa ugumu wa kazi. Ya pili ni kutumia tafiti huru za ada, ambazo hazihesabu oda za kampuni za kati. Tuseme mkopaji amelipa dola 500 na mthamini amepewa 300. Akilalamika kwamba 300 si ada ya haki, kampuni inajibu kwamba ndiyo inayolipwa siku hizi katika wilaya hiyo. Na inalipwa na nani? Na kampuni za kati. Waliishusha, kisha ikawa ushahidi wao.

Louisiana ilijaribu kulitatua. Bodi ya wathamini ya jimbo hilo iliweka kanuni ya kuzitaka kampuni zilipe ada ya kawaida, na ikaanza kuzishughulikia zilizolipa chini ya viwango vya utafiti uliofanywa na chuo kikuu cha humohumo. Mwaka 2017 tume ya serikali kuu inayosimamia ushindani wa biashara ikaishtaki bodi. Hoja yake ilikuwa ngumu kupuuza: bodi yenyewe imejaa wathamini, na wathamini wanaokaa pamoja kuamua wathamini walipwe kiasi gani, hata wakikaa chini ya nembo ya jimbo, wanapanga bei. Mvutano ulikwenda mpaka 2022 ndipo bodi ikaridhia kuachana na kanuni ile. Mimi ni mthamini, na moyo wangu uko Louisiana. Akili yangu inakiri kwamba wale wa tume walikuwa na hoja.

Dawa iliyokuwa rahisi zaidi haikuchukuliwa. Dodd-Frank iliruhusu karatasi ya gharama anayopewa mkopaji ionyeshe mafungu mawili: kiasi anachopata mthamini na kiasi kinachobaki kwa kampuni. Iliruhusu, haikulazimisha. Wakopaji wengi wanaona mstari mmoja, "uthamini", na kudhani mthamini ni mtu ghali.

Jambo jingine nitalipita haraka: kampuni ya kati inayomilikiwa na benki iliyo chini ya wasimamizi wa serikali kuu hailazimiki kusajiliwa na jimbo, ingawa masharti ya mwenendo yanaibana. Inasimamiwa na wanaoisimamia benki mama. Kama hilo linawatuliza, sawa.

Sasa tuje nyumbani. Tanzania tuna Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016. Kenya wana Sheria ya Wathamini, Sura 532. Zote mbili zimejengwa juu ya usajili na nidhamu ya mthamini, kama ile ya Marekani ya 1989. Sisi hatuna kampuni ya kati, lakini orodha tunayo. Benki inaye mthamini wa orodha yake, mkopaji anapewa majina mawili matatu achague au anapewa moja tu, analipia yeye, ripoti inakwenda kwa benki ikiwa na thamani ya soko na ile ya kuuza kwa haraka. Anayesimamia orodha ni nani? Katika benki nyingine ni idara ya vihatarishi au ya sheria. Katika nyingine, na mnaokaa safu ya mbele mnajua ninaowasema, ni meneja wa tawi, ambaye malengo yake ya robo mwaka yamebandikwa ukutani. Huyo anaweza kupiga ile simu ya dalali kwa Kiswahili safi: "Mzee, huyu mteja wetu wa siku nyingi, mwangalie vizuri." Na mthamini atamwangalia vizuri, kwa kuwa ana wafanyakazi wanne na pango la ofisi.

Shinikizo letu tena lina pande mbili. Mwanzo wa mkopo linasukuma thamani juu. Mkopaji akishindwa kulipa, wapo wanaotamani ishuke ili nyumba imwendee mtu upesi. Kenya, Sheria ya Ardhi ya 2012 inamtaka mkopeshaji afanye uthamini kabla ya kuuza, na akiuza chini ya thamani ya soko kwa asilimia 25 au zaidi inachukuliwa kwamba amekiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Kifungu kizuri. Lakini asilimia 25 ya nini? Ya thamani iliyoandikwa na mtu aliye kwenye orodha ya muuzaji.

Sipendekezi tuagize kampuni za kati. Zingetuongezea mkono mmoja wa kukata ada ambayo tayari ni ndogo. Ninachopendekeza hakihitaji hata Bunge, kinahitaji mkataba kati ya benki na mthamini, na Bodi ya Usajili wa Wathamini iutoe kama mfano. Orodha isimamiwe na idara isiyolipwa kwa wingi wa mikopo, na meneja wa tawi asiwe na uwezo wa kuchagua jina. Kazi zigawanywe kwa zamu kati ya wenye uzoefu wa eneo husika, na daftari la zamu liweze kukaguliwa. Maswali yote juu ya ripoti yaje kwa maandishi, yatoke kwa idara hiyo, na ya raundi ya pili yalipiwe. Hilo la mwisho mabenki yatalipigia kelele, yakisema litachelewesha mikopo. Wanaojua muda ambao faili hukaa kusubiri upekuzi wa hati watapima wenyewe uzito wa kelele hiyo. Na mthamini akitolewa kwenye orodha aandikiwe sababu, apewe siku 14 za kujibu, na nakala ya barua hiyo iende kwa Bodi, pamoja na namba za ripoti tatu za mwisho alizoifanyia benki hiyo.